Siku 145: Somo la Ubora katika Huduma za Saratani

Wanachuo wenzangu, muulize mtu yeyote pale kantini hospitali zetu zinahitaji nini ili zitibu saratani vizuri. Jibu utalipata kabla chai haijapoa: mashine, dawa na madaktari bingwa. Mimi pia ningejibu hivyohivyo mpaka mwaka juzi. Leo nataka tujifunze jambo la nne, ambalo halina gharama kubwa na halipigwi picha siku ya uzinduzi, lakini likikosekana yale matatu yanakuwa maji kwenye pakacha. Jambo lenyewe ni kuhesabu: kumhesabu kila mgonjwa na kuzihesabu siku zake.

Nianze na kisa cha nyumbani. Mama yangu mdogo alishika kivimbe kwenye titi la kushoto. Hakuchelewa. Wiki ileile alikwenda hospitali moja ya rufaa, akapimwa, akakatwa kinyama, akaambiwa, "Mama, majibu yakitoka tutakupigia." Akarudi nyumbani kusubiri. Mwezi ukapita, ukaja wa pili, ukaja wa tatu. Nilipomuuliza akanijibu, "Mwanangu, kingekuwa kibaya si wangeshapiga?" Nami, mwanafunzi wa udaktari mwaka wa tatu, nikakubali. Nilikuwa na mitihani, nilikuwa naogopa kudisko, na kusema kweli jibu lile lilinipendeza.

Kivimbe kilipoanza kuvuta ngozi tulirudi naye. Kumbe majibu yalitoka siku ya 12 tangu akatwe kinyama. Yalikuwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya droo, jina lake limeandikwa vizuri kabisa. Kwenye fomu, namba ya simu ilikosewa tarakimu moja. Siku tuliyofungua bahasha ile ilikuwa ya 145.

Nilikuwa na hasira, nikatafuta wa kumlaumu. Lakini daktari alikata kinyama sawasawa. Mtaalamu wa patholojia alisoma kwa wakati. Karani wa maabara alipiga simu mara mbili, haikupatikana, akahudumia wengine waliokuwa wamejaa dirishani. Kila mtu alifanya kazi iliyo ndani ya mlango wake. Kati ya mlango na mlango hapakuwa na mtu.

Miguu mitatu ya ubora

Neno ubora tunalitumia ovyo, kwa hiyo tulipe maana kwanza. Mwaka 1966 Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Marekani, alipendekeza tuutazame ubora wa huduma kwa sehemu tatu: muundo, mchakato na matokeo. Muundo ni vile vitu vilivyopo: majengo, mashine, watumishi, dawa. Mchakato ni yale anayofanyiwa mgonjwa, kwa mpangilio upi na kwa muda gani. Matokeo ni kilichompata mwishowe: amepona, ameishi muda gani, na kwa hali gani.

Muundo si jambo la kudharau. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini Uganda, iliyokuwa Mulago tangu 1995, iliharibika kabisa. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Katikati hapo wagonjwa wengine walilazimika kwenda Nairobi, na wasio na uwezo walibaki wanasubiri. Huwezi kumwambia mgonjwa wa namna hiyo kwamba mpangilio mzuri wa mafaili utamtosha.

Ila muundo peke yake hautoshi, na mchakato una nguvu kuliko tunavyodhani. Mfano upo hapahapa kwetu. Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha yake ya ukaguzi wa upasuaji salama, hospitali nane za miji minane zilishiriki, na mojawapo ilikuwa ya Ifakara. Orodha ni karatasi ya ukurasa mmoja, inasomwa kwa sauti kabla ya usingizi, kabla ya kukata na kabla ya mgonjwa kutoka: huyu ni nani, tunakata wapi, pamba zimetimia? Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha vifo kushuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hawakusubiri majengo mapya. Walibadilisha mpangilio wa kazi, wakapima kabla na baada.

Katika saratani mchakato una hatua nyingi, na kila hatua inaweza kuharibu inayofuata. Chukua kile kinyama. Miongozo inayotumika kimataifa inataka kinyama cha titi kiwekwe kwenye fomalini ndani ya saa 1, na kikae humo kwa saa 6 hadi 72. Kikiachwa kwenye kikopo kikavu mchana kutwa kwa sababu fomalini imeisha, kipimo cha vipokezi vya homoni kinaweza kusema havipo ilhali vipo. Mgonjwa huyo atakosa tamoksifeni, vidonge ambavyo vingemfaa, na hakuna atakayejua kwamba kosa lilianzia kwenye kikopo.

Daktari aliyewafuatilia wagonjwa wake

Wazo la kupima matokeo si la jana. Boston, Marekani, aliishi daktari wa upasuaji aitwaye Ernest Codman. Hoja yake ilikuwa nyepesi mno hata mwenye duka angeielewa: hospitali imfuatilie kila mgonjwa muda wa kutosha kujua kama tiba ilifaa, na kama haikufaa iulize kwa nini. Aliandika kadi kwa kila mgonjwa na kumtafuta tena baada ya mwaka. Hospitali kubwa aliyokuwa akifanya kazi haikukubali madaktari wake wapimwe hivyo, akaondoka. Katika hospitali yake ndogo ya vitanda 12 alitoa wagonjwa 337 kati ya 1911 na 1916, na akachapisha makosa 123 aliyoyaona, yakiwamo ya kwake mwenyewe.

Wenzake walimchukia. Lakini Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Marekani, ambacho naye alishiriki kukianzisha, kilichukua sehemu ya wazo lake na kukagua hospitali kubwa 692. Zilizofikia viwango vya chini kabisa zilikuwa 89 tu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1919 viongozi waliichoma orodha ile kwenye tanuri la hoteli moja ya New York isije ikaangukia mikononi mwa waandishi wa habari.

Hata hivyo kazi iliendelea. Mwaka 1922 chuo hichohicho kiliunda chombo ambacho leo ndicho Kamisheni ya Saratani. Hospitali inayotaka kutambuliwa nayo haiulizwi mashine tu. Inaulizwa kama ina rejesta ya saratani, kama inawafuatilia wagonjwa baada ya matibabu, na kama madaktari wa fani mbalimbali wanakaa pamoja kujadili wagonjwa. Yaani inaulizwa kuhusu mlango na mlango.

Tuhesabu pamoja

Sasa chukua kalamu. Huu ni mfano wa darasani, isipokuwa namba ya mwisho unaijua. Wanawake watano wamekatwa kinyama. Siku walizosubiri hadi kupewa majibu ni 9, 12, 14, 20 na 145. Jumla ni 200, kwa hiyo wastani ni siku 40. Namba ya katikati ni 14. Tayari unaona shida: wastani wa 40 haumwelezi yeyote kati ya watano hao, na 14 inamficha yule wa mwisho. Ndiyo maana ripoti nzuri hutoa namba zote mbili, kisha hutaja aliyesubiri kuliko wote.

Tuseme hospitali imejiwekea lengo la kutoa majibu ndani ya siku 21. Waliofikia lengo ni 4 kati ya 5, asilimia 80. Sasa tuseme yule wa tano hakurudi kabisa. Bahasha haikufunguliwa, tarehe ya kupewa majibu haikuandikwa. Anayeandaa ripoti atachukua waliokabidhiwa majibu tu: 9, 12, 14 na 20. Wastani unashuka hadi chini ya siku 14. Waliofikia lengo wanakuwa 4 kati ya 4, asilimia 100.

Soma tena hapo. Hospitali imempoteza mgonjwa, na kwenye karatasi imekuwa bora zaidi. Hakuna aliyedanganya, kilichokosewa ni asili ya ile sehemu, yaani namba ya chini. Asili inatakiwa iwe wote waliokatwa kinyama, si wote waliopewa majibu. Ukishika jambo moja tu katika somo hili, shika hilo. Kila ukiletewa asilimia nzuri, uliza: chini kuna nani, na nani hakuhesabiwa? Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kipimo cha dunia

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa saratani ya titi wenye malengo matatu yaliyo rahisi kukumbuka: 60, 60, 80. Angalau asilimia 60 ya saratani zigunduliwe zikiwa hatua ya kwanza au ya pili. Uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza. Angalau asilimia 80 wamalize matibabu waliyopangiwa. Angalia kwamba mawili ya mwisho huwezi hata kuyapima kama hujui wagonjwa wako wako wapi. Mama mdogo alifika mapema kama tunavyowahubiria watu kila Oktoba tukivaa fulana za waridi. Yeye alitimiza wajibu wake. Sisi tulizipita siku 60 mara mbili na zaidi.

Hospitali ianzie wapi?

Kwanza, ichore njia ya mgonjwa kama ilivyo, si kama inavyoandikwa kwenye mwongozo. Tembea naye kuanzia mapokezi: kliniki, chumba cha kukatwa kinyama, dirisha la malipo, maabara, kurudi kwa majibu, rufaa, mionzi au kemo. Andika siku kila hatua. Utashangaa jinsi muda mwingi unavyoliwa si na tiba bali na kusubiri sahihi, nauli na foleni.

Pili, awepo mwenye njia. Muuguzi mmoja apewe orodha ya wote waliokatwa kinyama, na kila Ijumaa aulize nani hajarudi. Namba ya simu isomwe mbele ya mgonjwa na ipigwe palepale, na ichukuliwe ya ndugu wa pili.

Tatu, tuache haraka ya kumwita mgonjwa mtoro. Kabla hujaandika neno hilo uliza alitafutwa na nani. Wengine nauli iliisha, wengine hawajui kwamba kuna ofisi ya ustawi wa jamii. Na tusiseme kufuatilia hakuwezekani kwetu. Kliniki za CTC zina kadi, zina daftari la miadi, na zina watu wa kumtafuta anayekosa siku yake. Ujuzi tunao, tumeuweka kwenye ugonjwa mmoja tu.

Nne, madaktari wakae pamoja kwa siku maalumu, mpasuaji, wa mionzi, wa dawa, wa patholojia na muuguzi, wapange tiba ya kila mgonjwa kabla ya kisu kugusa. Tano, wabadilishe jambo moja dogo, wapime baada ya mwezi, wakiona limefaa walishike, wakiona halikufaa waseme wazi. Hapo kwenye kusema wazi ndipo pagumu. Mahali ambapo kosa linaleta barua ya kujieleza, makosa huishia kwenye droo pamoja na bahasha.

Sisi wanafunzi je? Wengi tunatafuta mada za utafiti za kutisha, halafu tunakwama kwenye vifaa. Hii inahitaji kibali, daftari na uvumilivu: chagua kliniki moja, hesabu waliokatwa kinyama kwa miezi mitatu, tafuta wangapi walipewa majibu na siku ya ngapi. Ukimaliza, peleka hesabu kwa wenye kliniki kwa heshima, si kwa kuwaumbua.

Maswali ya kujadiliana hosteli

1. Kliniki inasema asilimia 95 ya wagonjwa wake walimaliza kemo. Utauliza maswali gani kabla ya kupiga makofi?
2. Katika kisa cha mama mdogo, ni hatua gani moja ungeibadilisha, na ungejuaje kwamba imefaa?
3. Je, makosa yachapishwe kama alivyofanya Codman? Nani atafaidika, nani ataumia?

Mama mdogo alipasuliwa, akapata kemo, akamaliza mionzi Ocean Road. Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye tezi za kwapani, hivyo bado yuko kliniki na bado tunahesabu. Mimi ndiye ninayeshika daftari lake sasa. Juzi nilimsomea somo hili kabla ya kulileta kwa mhariri. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, na wale wengine wanne, kuna mtu anawapigia?"