Nilivyoacha Kuwatoa Watoto Mchezoni

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha chekechea hapa Tanga, niliupenda sana mchezo wa viti. Watoto wanazunguka viti huku napiga ngoma, ngoma ikinyamaza kila mmoja anakimbilia kiti, anayekosa anatoka. Wiki ya pili nikagundua kwamba wa kwanza kutoka ni yuleyule kila siku: binti wa miaka minne, mzito wa kukimbia. Wenzake walicheza robo saa, yeye hakumaliza hata dakika mbili. Muda uliobaki alikaa ukutani akichora mchangani kwa kidole, na yeye ndiye aliyehitaji kukimbia kuliko wote.

Tangu hapo nina sharti moja: kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita, hakuna kutoka. Michezo yetu mingi inakubali kurekebishwa ili kila mtoto acheze mpaka mwisho. Ule wa viti sikuuacha, ila sasa naondoa kiti, siondoi mtoto. Natumia mikeka midogo, maana viti vya plastiki huteleza. Mikeka ikipungua, watoto wanabanana, wanavutana mikono, wanapakatana, hadi kumi wanatafuta namna ya kukanyaga mkeka mmoja. Hapo ndipo kicheko kinapokuwa kikubwa, na yule mzito anavutwa na wenzake asibaki nje.

Mchezo wa nyama nyama ndio unaopendwa kuliko yote darasani kwangu. Kiongozi anaimbisha, wenzake wanaitikia, kisha anataja mnyama. Akiwa analiwa, wanaitikia na kuruka. Akiwa haliwi, wanatulia kimya. Kwa kawaida anayeruka kwa paka au fisi hutolewa. Kwangu, aliyekosea anakuja mbele kuimbisha raundi inayofuata. Nimeona watoto wasiosema neno darasani wakikosea makusudi ili wapewe nafasi hiyo, nami nawaachia. Nguruwe nilimwondoa kabisa. Kwa nyumba moja ni kitoweo, kwa nyumba ya pili ni haramu, na sitaki mtoto aambiwe amekosea kwa jambo alilofundishwa na mama yake.

Kwa kitenge kimoja na soksi kuukuu nimepata mchezo mwingine. Kunja soksi mbili tatu ziwe mpira, watoto wanane washike kitenge pande zote, mpira uwe katikati. Waurushe juu na kuudaka bila kuuangusha. Mmoja akivuta kwa nguvu unadondoka. Wakienda pamoja unaruka. Mara ya kwanza watagombana. Usiingilie haraka. Baada ya siku tatu nne utasikia wenyewe wakihesabiana: moja, mbili, tatu, juu!

Rede, mchezo wa kukwepa mpira unaorushwa, nawachezesha wa miaka mitano na sita tu, kwa mpira huohuo wa soksi, na aliyepigwa anabadilishana nafasi na mrushaji. Kombolela siichezeshi. Mtoto wa miaka minne hajui kuchagua pa kujificha, na uani kwetu kuna mapipa ya maji. Michezo ya vizibo vya soda pia siwachezeshi wadogo, kwa sababu kila kitu kwao huishia mdomoni.

Usieleze kanuni kwa maneno mengi. Cheza wewe kwanza na mtoto mmoja, wengine watazame, kisha waite. Wakizidi kumi na mbili, gawa makundi mawili. Mchezo mmoja usizidi dakika kumi na tano, na uukatize wakati bado wanautaka, ndipo kesho watauomba wenyewe. Mtoto mgeni anayelia usimburute kwenye duara. Mimi huanza asubuhi kwa ukuti ukuti, kwa kuwa kinachotakiwa ni kushikana mikono na kuzunguka tu, na mgeni namweka pembeni yangu nikimshika mkono. Asipotaka, atazame. Wapo waliotazama wiki nzima, siku moja wakaingia bila kuitwa.

Wazazi huniuliza kwa nini watoto wanacheza sana badala ya kuandika. Mimi huwajibu kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto wa miaka mitatu na minne apate angalau dakika 180 za kujishughulisha na mwili kila siku, na angalau 60 kati ya hizo ziwe za nguvu ya wastani au kubwa, kama kukimbia na kuruka. Mtoto anayekaa ukutani kwa sababu ametolewa hazipati.

Basi, mwalimu au mzazi unayesoma, kesho asubuhi kabla jua halijawa kali, toa kitenge kimoja na soksi kuukuu uwaite watoto wa jirani. Anza na yule anayebaki nyuma siku zote.