Mtundu au Mhitaji? Mwalimu wa Kiswahili na Mwanafunzi Mwenye Upungufu wa Umakinifu katika Mazingira ya Kiwanjani, Isiolo

Utangulizi

Kiwanjani ni mtaa wa mji wa Isiolo, na jina lake lenyewe ni la Kiswahili: nomino kiwanja iliyoongezwa kiambishi tamati cha mahali -ni. Hata hivyo, si kila mtoto anayeanza shule hapo huwa amelelewa kwa Kiswahili. Isiolo ni makutano ya Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, na darasa moja laweza kuwa na watoto wa lugha za kwanza nne au tano. Katika darasa la aina hii, mwalimu wa Kiswahili hukutana na mwanafunzi asiyetulia kitini, asiyemaliza zoezi na anayeropoka jibu kabla ya swali kwisha. Je, mwanafunzi huyo hajaimudu lugha, hana nidhamu, au ana hali ya kimaumbile inayomzuia kutuliza fikira? Makala haya yanashikilia kwamba mwalimu wa lugha ana nyenzo za kitaaluma za kumsaidia kulitafuta jibu, na kwamba akilikosa, mtoto huadhibiwa kwa jambo asilolitenda kwa hiari.

Maana na Dalili

Hali inayozungumziwa hapa hujulikana kimataifa kwa kifupi cha ADHD. Kwa Kiswahili yaweza kuelezwa kuwa upungufu wa umakinifu na ukithiri wa harakati. Si jambo lililozuka jana. Mnamo 1902, daktari George Still alitoa mihadhara jijini London kuhusu watoto waliokuwa na akili timamu lakini walioshindwa kujizuia. Mwaka 1980, Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliutaja rasmi upungufu wa umakinifu katika mwongozo wake wa magonjwa, na mwaka 1987 jina hilo likapanuliwa ili lijumuishe ukithiri wa harakati.

Kwa mujibu wa toleo la tano la mwongozo huo, lililotolewa mwaka 2013, dalili hugawika katika makundi mawili. La kwanza ni la umakinifu: kusahau, kupoteza vifaa, kuruka maelekezo na kuacha kazi njiani. La pili ni la harakati na papara: kuhangaika kitini, kuzungumza kupita kiasi, kukatiza wengine na kushindwa kungoja zamu. Mtoto hafikiriwi kuwa na hali hii mpaka awe na dalili zisizopungua sita za kundi moja au yote mawili, zilizodumu angalau miezi sita, ambazo baadhi yake zilionekana kabla hajafikisha miaka 12, zinazojitokeza katika mazingira mawili au zaidi na zinazoathiri maisha yake.

Mambo mawili yanafaa kusisitizwa. Kwanza, hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Haisababishwi na malezi mabaya wala uhaba wa akili. Pili, si kila mwenye hali hii huruka viti. Wapo wanaokaa kimya huku fikira zao zikiwa mbali. Wasichana wengi huwa katika kundi hili, na kwa kuwa hawamsumbui mwalimu, hupita madarasa yote bila kutambuliwa.

Lugha ya Lawama

Kabla mtoto hajafikishwa kwa mtaalamu yeyote, huwa amekwisha kupewa majina. Huitwa mtukutu, mvivu, zuzu au kichwa maji. Maneno haya si maelezo bali ni hukumu: kila moja huchukulia kwamba mtoto angetaka angebadilika. Neno mtundu lina utata wa kuvutia, kwani Kiswahili hulitumia kwa msumbufu na pia kwa mbunifu wa mambo. Darasani, aghalabu maana ya kwanza ndiyo husikika.

Methali nazo hutumiwa vivyo hivyo. "Samaki mkunje angali mbichi" na "Mchelea mwana kulia hulia yeye" hutajwa kuhalalisha kiboko, ilhali "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" humtwika mama lawama. Methali hizi zina busara yake katika malezi ya kawaida. Kosa ni kuzitumia kana kwamba kila mtoto asiyetulia amekosa kufunzwa. Mwanafunzi wa Kiswahili anayesoma fasihi simulizi anajua kwamba methali hupata maana kutokana na muktadha. Basi na muktadha wa mtoto huyu uchunguzwe kabla ya methali kutolewa.

Kutofautisha Tatizo la Lugha na Tatizo la Umakinifu

Hapa ndipo isimu inapomfaa mwalimu. Mwaka 1967, S. Pit Corder alitofautisha makosa yatokanayo na umilisi ambao haujakamilika na yale ya utendaji, yaani mtelezo wa mtu anayeijua kanuni. Makosa ya kwanza huwa na utaratibu na mwenyewe hawezi kuyasahihisha. Ya pili hayana utaratibu na mwenyewe huyasahihisha akionyeshwa.

Ichukuliwe mifano ya wanafunzi wawili wa kubuni. Wa kwanza huzungumza Kiborana nyumbani. Kiborana, kama Kisomali, ni lugha ya Kikushi yenye jinsia ya kike na ya kiume lakini isiyo na ngeli za Kibantu. Mwanafunzi huyu huandika "kitabu yangu", "kiti yangu" na "kisu yangu" katika insha nzima. Kosa lake lina mpangilio: bado hajaupata upatanisho wa ngeli ya KI-VI. Akiulizwa, hulirudia. Anachohitaji ni kufundishwa zaidi.

Wa pili huandika "kitabu changu" katika aya ya kwanza na "kitabu yangu" katika ya tatu. Huacha sentensi katikati, hudondosha maneno na hayaoni maswali yaliyo nyuma ya karatasi. Mwalimu akimketisha kando na kumwomba asome kwa sauti, hujisahihisha papo hapo. Huyu kanuni anaijua. Kinachomponyoka ni uangalifu wa kuitumia.

Tofauti hii haitoshi kuthibitisha chochote, kwani njaa, usingizi, hofu, matatizo ya kusikia au kuona na msukosuko wa nyumbani huweza kuleta dalili zizo hizo. Lakini humwelekeza mwalimu. Kigezo cha mazingira mawili nacho chaweza kupimwa kwa urahisi katika mji kama Isiolo, ambako watoto wengi wa Kiislamu husoma pia madrasa. Mwalimu wa shule akizungumza na mzazi na ustadhi, atajua iwapo mtoto huhangaika kote au katika somo la Kiswahili pekee. Anayetulia akizungumziwa kwa lugha yake, na kupotea pale tu Kiswahili kinapoanza, yamkini ana tatizo la lugha.

Mbinu za Kumsaidia katika Somo la Kiswahili

Maelekezo. Agizo kama "Fungueni ukurasa wa 34, mfanye swali la tatu hadi la saba, kisha mkusanye vitabu" ni maagizo matatu kwa pamoja. Mwalimu ayatoe moja moja, ayaandike ubaoni na kumwomba mwanafunzi ayarudie kwa maneno yake.

Ufahamu na insha. Kifungu kirefu kigawanywe, na maswali ya kila sehemu yajibiwe kabla ya kuendelea. Katika insha, mwanafunzi aandike vidokezo kwanza, kisha aya moja kwa wakati, akionyesha kila anapomaliza. Atathminiwe kwa alichojua, si kwa mwandiko wala kasi pekee.

Ushairi. Mizani hufundishika kwa mwili. Darasa lote likipiga makofi kwa kila silabi, manane ya ukwapi na manane ya utao, mtoto anayehitaji kusogea hupata harakati iliyo sehemu ya somo.

Fasihi simulizi. Vitendawili vina kanuni ya zamu. Mtegaji husema "Kitendawili!", hadhira hujibu "Tega!", na wakishindwa hutoa mji. Mtoto mwenye papara hujifunza kungoja kwa sababu mchezo wenyewe unamdai angoje, wala hatengwi na wenzake.

Mpangilio wa darasa. Aketi mbele, mbali na mlango na dirisha, karibu na mwenzake mtulivu. Atumwe kufuta ubao au kugawa vitabu. Asifiwe mara tu anapofanya vyema, na akikosea aonywe kwa faragha.

Mbinu hizi hazihitaji fedha nyingi, na hazimdhuru mwanafunzi asiye na tatizo lolote. Katika darasa lenye wanafunzi wengi na mwalimu mmoja, hiyo ni sifa kubwa.

Mipaka na Wajibu wa Mwalimu

Mwalimu si daktari. Kazi yake ni kuandika anayoyaona, kwa tarehe na kwa maneno yasiyohukumu: "aliinuka mara sita katika kipindi", wala si "alisumbua". Kumbukumbu hizo zipelekwe kwa mzazi, kisha kwa kituo cha upimaji wa kielimu. Kenya ilianza kuvianzisha vituo hivyo mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya ikafuata mwaka 1986. Dawa zipo, lakini uamuzi kuzihusu ni wa daktari na mzazi.

Kisheria, kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko pamoja na mateso ya kiakili. Kumwita mtoto zuzu mbele ya wenzake siku baada ya siku ni vigumu kukutenganisha na mateso hayo. Aidha, Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Anayetolewa nje ya darasa kila siku anaipata haki hiyo kwa jina tu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mwanafunzi asiyetulia katika somo la Kiswahili anaweza kuwa na tatizo la lugha, la umakinifu, yote mawili au lolote kati ya mengine, na kwamba uchanganuzi wa makosa ni njia mojawapo ya kuanza kuyatofautisha. Vyuo vinavyowaandaa walimu wa Kiswahili vingefanya vyema kuiingiza mada hii katika kozi za mbinu za ufundishaji. Wanaisimu nao wana deni la kusawazisha istilahi, ili mzazi wa Kiwanjani aambiwe kwa Kiswahili fasaha kwamba mwanawe ana hali yenye jina, na kwamba jina hilo si matusi.