Kagua, Lipa, Lala: Mwongozo wa Kukaa Gesti ya Bei Nafuu Lagangabilili

Lagangabilili ni makao makuu ya Wilaya ya Itilima, moja ya wilaya 5 za Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Mwalimu anayekuja kuripoti halmashauri, muuguzi wa ajira mpya, mnunuzi wa pamba na ndugu aliyekuja kuuguza mgonjwa hulala gesti siku za mwanzo, kabla ya kupata chumba cha kupanga au kurudi walikotoka. Mwongozo huu ni wao.

Fuata hatua 10 kwa mpangilio uliopo. Usiruke hatua, wala usitangulize ya mbele. Mpangilio wenyewe ndio kinga yako: kitasa kibovu ukikiona kabla ya kulipa, unahamia chumba kingine, ukikiona baada ya kulipa, unaanza kuomba.

Maana ya maneno

- *Gesti*: nyumba ya kulala wageni ya bei nafuu.
- *Mhudumu*: mtu anayepokea wageni, kutoa funguo na kuandika kitabu cha wageni.
- *Selfu*: chumba chenye choo na bafu ndani.
- *Chumba cha kawaida*: chumba ambacho choo na bafu lake viko nje, na wageni wengine huvitumia pia.
- *Usiku 1*: muda kuanzia unapopokea ufunguo hadi saa ya kutoka siku inayofuata. Gesti nyingi hutumia saa 4:00 asubuhi, lakini thibitisha katika Hatua ya 3.

Saa zote humu ni za Kiswahili.

Hatua ya 1: Andaa vifaa siku moja kabla ya safari

Weka vitu hivi katika begi dogo utakalolishika mwenyewe, si lile la kwenye buti la basi:

1. Kitambulisho halisi 1: cha NIDA, cha mpiga kura, leseni ya udereva au pasipoti.
2. Tochi 1 yenye betri mpya au chaji kamili. Usitegemee tochi ya simu peke yake; simu ikizima umepoteza mwanga na mawasiliano kwa pamoja.
3. Kufuli 1 la milimita 40 hadi 50, lenye funguo 2.
4. Shuka 1 na taulo 1 vyako mwenyewe.
5. Ndala jozi 1 na sabuni kipande 1.
6. Kamba nyembamba ya mita 3, sindano 1 na uzi, kwa ajili ya chandarua.
7. Maji ya kunywa, chupa 2 za lita 1.5, ambazo vizibo vyake havijafunguliwa.
8. Fedha taslimu za kulipia usiku 2, zikiwemo noti za 1,000 na 2,000 ili usikwame kwenye chenji.

*Hakiki:* soma orodha kwa sauti na gusa kila kitu unapokitaja. Kisichoguswa hakimo.

Hatua ya 2: Panga kufika kabla ya saa 10:00 jioni

1. Chagua njia. Ukitoka Mwanza, utapita Magu na Lamadi, kisha Bariadi. Ukitoka Shinyanga, utapita Maswa. Ukifika Bariadi, uliza stendi gari la Lagangabilili.
2. Ukipanda bodaboda, patana bei kabla ya kukaa na vaa kofia ngumu.
3. Piga hesabu ya muda ukianzia mwisho. Simiyu jua huzama karibu na saa 12:45 jioni. Ukaguzi wa Hatua ya 4 huchukua dakika 15 kwa chumba kimoja, na huenda ukahitaji kuona vyumba 3 au 4 katika gesti 2. Ukifika saa 10:00 una nafasi ya kukataa chumba. Ukifika saa 2:00 usiku utachukua chochote kilichobaki.
4. Piga simu mapema kama safari yako inaangukia msimu wa pamba, ambao ununuzi wake kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei, au siku za ziara ya viongozi. Siku hizo vyumba hujaa mchana.

*Hakiki:* kama saa 11:00 jioni imekukuta bado uko Bariadi, lala Bariadi. Endelea na safari asubuhi.

Hatua ya 3: Uliza maswali 5 mapokezini

Anza na salamu. Kwa mtu aliyekuzidi umri sema "Shikamoo". Asubuhi, salamu ya Kisukuma "Mwangaluka" hupokelewa vizuri, na jioni "Mwadila". Usiingie na swali la bei mdomoni. Mhudumu ndiye utakayemgongea saa 8:00 usiku ukipata shida.

Kisha uliza, kwa mpangilio huu:

1. "Bei ya selfu ni shilingi ngapi kwa usiku, na chumba cha kawaida ni ngapi?"
2. "Saa ya kutoka ni ngapi?"
3. "Maji yanatoka bombani muda wote, au ni ya ndoo?"
4. "Geti linafungwa saa ngapi, na likishafungwa nimwite nani?"
5. "Dada, naomba nikione chumba kabla sijalipa. Inawezekana?" Kwa mwanamume sema "Kaka".

*Hakiki:* andika majibu ya swali la 1 na la 2 kwenye simu au karatasi. Jibu la swali la 5 likiwa "hapana", aga kwa heshima na uende gesti nyingine.

Hatua ya 4: Kagua chumba, vipengele 6

Acha begi mapokezini penye macho ya mhudumu, au lishike mkononi. Usiliweke kitandani wala sakafuni. Kunguni huhama kwa kupanda mizigo.

1. Mlango. Funga kwa ufunguo ukiwa ndani, fungua, kisha funga ukiwa nje. Ufunguo uzunguke bila kulazimishwa. Jaribu komeo la ndani: likishafungwa, sukuma mlango kwa bega. Mlango usicheze zaidi ya upana wa kidole.
2. Dirisha. Hakikisha linafunga, lina nondo, na wavu wa mbu haujatoboka. Angalia kama mtu aliye nje anaweza kupitisha mkono na kufikia kitanda au meza.
3. Kitanda. Inua shuka kwenye pembe zote 4 za godoro. Mulika tochi kwenye mishono ya godoro na kwenye viungo vya chaga. Unatafuta vitu 3: wadudu bapa wa rangi ya kahawia, wenye ukubwa wa punje ya mchele au pungufu, magamba yao makavu, na madoa madogo meusi kama ya ncha ya kalamu. Kimoja tu kikionekana, chumba kimeshindwa. Usikubali kupuliziwa dawa kisha ulale humo usiku huohuo.
4. Chandarua. Kishushe chote. Kizunguke kitanda pande 4 na kibaki na sentimita 20 za kuchomeka chini ya godoro. Tundu dogo utalishona. Chandarua kilichochanika kwa urefu wa kiganja kibadilishwe.
5. Umeme. Washa na uzime taa. Chomeka chaja na usubiri dakika 1. Soketi yenye alama nyeusi za kuungua, inayocheza ukutani au inayotoa cheche isiguswe tena. Muulize mhudumu umeme wa LUKU ukiisha usiku nani huununua.
6. Maji na choo. Fungua bomba ukihesabu hadi 30. Vuta maji ya choo mara 1 na uone yameshuka yote. Kama maji ni ya ndoo, hakikisha ipo ndoo ya lita 20 iliyojaa, yenye kifuniko, na kopo la kuchotea. Kwa chumba cha kawaida, nenda hadi kwenye choo chenyewe: jaribu komeo lake na uone kama njia ya kwenda huko ina taa.

*Hakiki:* vipengele 6 vyote viwe vimepita. Ukipata "karibu kimepita", hesabu kuwa kimeshindwa.

Hatua ya 5: Amua kwa kanuni hii

1. Vipengele vyote 6 vimepita: nenda Hatua ya 6.
2. Kilichoshindwa kinarekebishika ndani ya dakika 10, kama balbu, shuka, chandarua au ndoo: omba kirekebishwe, kisha rudia kukagua kipengele hicho.
3. Kilichoshindwa ni mlango, dirisha au soketi, au kuna kunguni: omba chumba kingine na urudie Hatua ya 4 yote.
4. Vyumba 2 vimeshindwa: ondoka uende gesti nyingine.

Tamka kasoro ya chumba, si ya mtu. Sema "komeo halishiki", usiseme "hamjali wageni". Mara nyingi mhudumu anafua, anapokea wageni na anakesha akilinda geti peke yake, na komeo hakulinunua yeye.

Hatua ya 6: Jiandikishe katika kitabu cha wageni

1. Toa kitambulisho, acha namba inakiliwe, kirudishe mfukoni papo hapo. Usikiache kama dhamana.
2. Jaza kila safu: jina, kazi, unakotoka, unakokwenda, namba ya chumba, tarehe. Andika ukweli. Kitabu hiki polisi hukikagua, na kukitokea moto au msako ndicho kinachoonyesha kwamba ulikuwamo.
3. Kama mko wawili, andikisheni majina yote mawili.

*Hakiki:* namba ya chumba kitabuni ilingane na iliyo kwenye ufunguo.

Hatua ya 7: Lipa usiku 1 tu

1. Lipa usiku 1, hata kama utakaa siku 5. Kasoro nyingine huonekana usiku tu: muziki wa baa ya jirani, paa linalovuja, bomba linalokauka saa 5:00.
2. Ukilipa taslimu, hesabu noti mbele ya mhudumu.
3. Ukilipa kwa simu, soma jina la mpokeaji kabla ya kuingiza namba ya siri. Jina lisipotambuliwa na mhudumu, sitisha.
4. Dai risiti. Ikague mambo 4: tarehe, kiasi, idadi ya usiku, namba ya chumba. Unayerejeshewa gharama na mwajiri, omba risiti ya mashine ya EFD kabla hujalipa. Gesti isiyo na mashine hiyo haitaweza kukutolea baadaye.

*Hakiki:* piga picha risiti au hifadhi ujumbe wa muamala.

Hatua ya 8: Tayarisha chumba kabla ya saa 12:30 jioni

1. Tandika shuka lako juu ya la gesti.
2. Shona matundu, funga chandarua kwa kamba, chomeka pindo lote chini ya godoro. Mbu wa malaria huuma zaidi kuanzia jioni hadi alfajiri, hivyo kazi hii imalizike jua likingalipo.
3. Weka begi juu ya kiti au meza, mbali na dirisha, zipu zikiwa zimefungwa kwa kufuli. Komeo la nje likiwa na tundu, kufuli hilohilo litumike mlangoni unapotoka.
4. Hesabu milango kutoka chumbani hadi nje, ukigusa ukuta. Rudia njia hiyo ukiwa umefumba macho. Moshi au giza vikija, mkono utaikumbuka njia.
5. Ukipewa hita ya kuchovya ya kuchemshia maji, fuata mpangilio huu pekee: weka maji kwenye ndoo, chovya hita, chomeka, washa, maji yakipata moto, zima, chomoa, toa hita, ndipo uguse maji. Kugusa maji kabla ya kuchomoa kunaweza kuua.

Hatua ya 9: Lala

1. Funga kitasa, kisha komeo, kisha dirisha.
2. Weka tochi, simu na ufunguo mahali pamoja, mkono unapofika ukiwa umelala.
3. Usiingize jiko la mkaa chumbani, hata kwa dakika 5, hata kukiwa na baridi ya mvua. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki.
4. Mtu akibisha hodi, uliza jina na shida yake mlango ukiwa umefungwa. Usipomtambua, mpigie mhudumu. Kwa dharura piga 112.

*Hakiki:* ukiwa umelala, nyoosha mikono yote. Ikigusa chandarua, sogea katikati; mbu huuma kupitia matundu ya wavu.

Hatua ya 10: Ondoka dakika 30 kabla ya saa ya kutoka, au ongeza usiku

1. Kama unaendelea kukaa, lipa usiku unaofuata dakika 30 kabla ya saa ya kutoka na upate risiti mpya.
2. Kama unaondoka, angalia mahali 5: chini ya mto, chini ya kitanda, nyuma ya mlango, kwenye soketi, bafuni.
3. Zima taa na ufunge bomba.
4. Mkabidhi mhudumu ufunguo mkononi, usiuache mlangoni. Subiri aandike kitabuni kwamba umetoka.
5. Kung'uta begi na nguo juani kabla ya kuviingiza nyumba nyingine.
6. Ukipata homa baada ya siku 7 au zaidi, nenda kituo cha afya ukapimwe malaria. Usinywe dawa kabla ya kipimo.

Ukimaliza, mwambie mhudumu kilichokuwa kizuri na kinachohitaji kutengenezwa, kila kimoja kwa jina lake: "chandarua kilikuwa kizima, komeo la choo cha nje limelegea." Baada yako atakuja mgeni mwingine na begi lake jipya, usiku umeshaingia, bila nafasi ya kuchagua. Komeo ulilolitaja asubuhi huenda likawa limeshakazwa atakapolifunga.