Kuwafundisha Watoto Habari ya Mafuriko

Masika, tangu Machi hata Mei, si wakati wa kuwaambia watoto "Msiende mtoni" tu. Mtoto asiyejua sababu ya katazo hulisahau upesi. Yafaa aelezwe.

Kwanza, wajue maji yatokako. Mto Mara, upitao kati ya Tarime na Serengeti, hauanzi kwetu. Waanza katika milima ya Mau, nchi ya Kenya, ambako mito Amala na Nyangores huanzia, kisha chini yake yaungana. Kisha wapita mbugani hata kuingia Ziwa Victoria karibu na Musoma, mwendo wa kilometa 395 hivi. Basi mvua ikinyesha Mau, kwetu jua laweza kuwaka, na mto ukajaa vile vile. Mwanzo wa Mei 2024 mto Talek, uingiao Mara, ulifurika huko Kenya. Kambi za wageni zikazama, watu zaidi ya 90 wakaokolewa. Siku chache kabla yake, tarehe 25 Aprili, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge ya kuwa mvua na mafuriko ya masika yamekwisha kuua watu 155 katika Tanzania.

Pili, wajue sababu ya mto kujaa upesi. Fanyeni vichuguu viwili vya udongo, kimoja kitupu, kimoja chenye majani. Mwagieni maji. Watoto wataona wenyewe ya kuwa majani huyazuia maji, na udongo mtupu huyaacha yakimbie.

Tatu, wajue nguvu zake. Maji ya kasi yenye kina cha sentimeta 15 tu yaweza kumwangusha mtu. Hata nyumbu, mwenye miguu minne, huchukuliwa na Mara kila mwaka.

Kisha mwalimu aulize, watoto wajibu:

Nikikuta mto umejaa? Nirudi, au ningoje mahali pa juu mpaka upungue.

Nikiona maji yamegeuka rangi na kuleta vijiti, au nikisikia mvumo? Nitoke bondeni mara moja.

Mbuzi akichukuliwa? Nimwache, nikamwite mtu mzima.

Mwenzangu akianguka majini? Nisimfuate, nipige kelele, nimtupie kamba au nimnyoshee fito ndefu.

Maji ya mafuriko hunywewa? La, uchafu wa vyoo umo. Maji ya kunywa yachemshwe.

Neno la mwisho ni letu sisi wakubwa. Watoto wengine huingia mtoni, nao wajua hatari yake, kwa kuogopa fimbo: amechelewa shule, au mbuzi amebaki ng'ambo. Basi mzazi na mwalimu wamwambie mapema, "Ukizuiwa na mto, hutapigwa." Na siku atakapochelewa, neno hilo litimizwe. Mtoto aliyelala ng'ambo kwa jirani atarudi kesho.