Jumanne: Shtaka Ambalo Yesu Hakulijibu

Soma Yohana 8:48, 49. Yesu alishtakiwa mambo mawili: kwamba ni Msamaria, na kwamba ana pepo. Alikana lipi? Alinyamazia lipi?

La pepo alilikana palepale. La Usamaria aliliacha lipite, ingawa alikuwa Myahudi wa kabila la Yuda. Kulikana kungekuwa kukubali kwamba kuwa Msamaria ni kosa.

Katika Kisukuma, neno “sukuma” ni kaskazini. Wasukuma walikuwa tu watu wa upande huo, wakiitwa hivyo na jirani zao wa kusini; sisi wa Bariadi wengi bado hujiita Wanyantuzu. Jina la upande likawa kabila. Leo mfugaji aliyehamia Usangu au Kilombero hulisikia likitamkwa kama shtaka la kuharibu mashamba, naye huumia. Lakini nasi huku tunawaita Wataturu majirani ambao wenyewe hujiita Wadatoga, na wako wanaolitamka jina hilo kwa dharau, hata washiriki wa kanisa.

Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho nchini kuuliza kabila la mtu. (Kitabu cha washiriki nacho hakiulizi.)

Jadilini: Mdatoga akiketi darasani mwenu Sabato hii, nanyi mkajadili somo lote kwa Kisukuma, atakuwa amejifunza nini kutoka kwenu?