Hashimoto na Mabaka Yanayowasha: Ninavyoyadhibiti

Wenzangu wenye Hashimoto huniuliza sana kuhusu mwasho. Unalala mzima, saa 8 usiku unajikuta unajikuna mapaja kama uliyepitia kwenye upupu. Ukiwasha taa, mabaka mekundu yamevimba. Kesho yake mchana pale pamelainika, hakuna hata alama, ila mengine yameibukia mgongoni.

Ukisimulia nyumbani, kila mtu ana chakula cha kukukataza: mayai, nyanya, karanga. Usikubali haraka. Hashimoto, ugonjwa uliopewa jina la daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliyeueleza mwaka 1912, hutokea kinga ya mwili inapoishambulia tezi ya thairoidi. Kinga iliyochafuka hivyo inaweza pia kuzichokoza seli za ngozi zinazohifadhi histamini, kemikali inayoleta mwasho. Ndiyo maana mabaka yanayorudirudi kwa zaidi ya wiki 6 huonekana zaidi kwetu kuliko kwa watu wengine, na mara nyingi hakuna chakula cha kulaumu.

Mimi huanza na tezi yenyewe. Levothairoksini, dawa ya homoni ya tezi, nameza alfajiri, tumbo tupu, kwa maji tu. Chai husubiri hadi saa nzima ipite. Vidonge vya kuongeza damu, kalsiamu na dawa za kiungulia nazitenga nayo kwa saa 4. Dozi ikibadilishwa, TSH, kipimo cha damu cha tezi, hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Wapo ambao mabaka hupungua homoni zikikaa sawa. Mimi sikubahatika, nikahitaji dawa ya mzio.

Na dawa hiyo haimezwi siku ya kuwashwa tu. Setirizini au loratadini hufaa zaidi ikimezwa kila siku, ngozi iwe shwari au isiwe. Kidonge kimoja kisipotosha, daktari anaweza kupandisha hadi mara 4 ya dozi ya kawaida. Uamuzi huo ni wake, si wako wala wa muuza duka. Piriton inatuliza, lakini usingizi wake si wa kuendea kazini. Prednisoloni ndiyo ninayoiogopa: inafuta mabaka upesi, watu wakanogewa, kumbe ukiizoea hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa.

Angalia pia dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huweza kuyaamsha mabaka au kuyazidisha. Kichwa kikiuma natumia paracetamol.

Sasa samaki, maana hapa Dar ndipo penye kesi. Jodari, vibua na dagaa wakikaa bila barafu, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yao. Ikishaingia haitoki: ukaange, uchemshe, uwapake ndimu na pilipili, imo. Tena samaki anaweza asinuke kabisa. Kwa hiyo soko la samaki la Feri naenda mapema, nafunua matamvua nione wekundu, nabonyeza mgongo nione kama nyama inarudi, kisha nauliza swali linalowaudhi wauzaji: huyu amelala kwenye barafu tangu lini? Jibu likiwa la kuzungushazungusha, nanunua changu, ambaye kwa kawaida hana tatizo hilo. Ndoo yangu ina barafu tayari, na kiporo cha jodari sikigusi.

Ukishuku chakula kingine, kiache hicho kimoja kwa wiki 2 au 3, kisha ukirudishe uone. Ukiacha kumi kwa pamoja hutajua mkosaji ni yupi, na utakonda bure. Andika kwenye simu ulichokula, dawa ulizomeza, joto la siku hiyo, hedhi, hata nguo iliyokubana. Piga picha mabaka yanapotoka, kwa sababu ukifika kwa daktari yatakuwa yameshapotea, na bila picha utabaki kuonekana mtu wa kulalamika.

Kuna jambo moja halisubiri daftari wala miadi. Midomo au ulimi ukivimba, sauti ikakauka, pumzi ikabana au ukahisi kuzimia, usimeze kidonge ukangoja kuona. Mwamshe mtu akupeleke hospitali usiku huohuo.