Kusoma Alama za Mtihani wa Majaribio

Mwalimu wa darasa linaloelekea kwenye mtihani wa kumaliza elimu ya msingi aghalabu hutoa majaribio, husahihisha, hubandika majina ukutani kwa kufuata nafasi, kisha hufunga daftari lake. Hufunga pale ambapo kazi ingepaswa kuanza.

Tuchukue jaribio la Hisabati lenye maswali 40 ya kuchagua, kila swali likiwa na majibu matano. Mtoto asiyejua lolote, akibahatisha tu, atapata kwa wastani maswali 8. Wala si ajabu akapata 11 leo na 5 juma lijalo. Kwa hiyo mwenye 11 hajathibitisha kuwa anamzidi mwenye 8. Hata kwa mtoto anayejua, bahati haikosi kuingia. Yule ambaye uwezo wake halisi ni maswali 24 huweza kuangukia popote kati ya 21 na 27, kwa kutegemea maswali yaliyomwangukia siku hiyo. Basi akitoka 22 mwezi wa Mei akafika 25 mwezi wa Juni, mwalimu asiharakishe kutangaza maendeleo, wala asimwite mvivu akirudi 22. Na atazame majaribio matatu au manne kwa pamoja, yenye ugumu wa namna moja. Jaribio ambalo darasa limekwisha kulifanya na kusahihishiwa lisitumiwe tena kupimia, maana litapima kumbukumbu.

Lenye faida zaidi ni kosa lenyewe. Swali ni 1/2 + 1/3. Aliyechagua 2/5 amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Huyu bado hajaelewa sehemu ni kitu gani. Aliyechagua 2/6 ameipata asili ya pamoja, ila amesahau kubadili viasi. Wote wawili wamepata sifuri, lakini wa pili anahitaji dakika chache tu za kuelekezwa. Vivyo hivyo anayesema 0.35 ni kubwa kuliko 0.4 anasoma desimali kama namba nzima, 35 na 4. Kwa hiyo mwalimu achore jedwali, majina upande wa kushoto na namba za maswali juu, na ndani yake aandike herufi aliyoichagua mtoto badala ya vema au kosa. Kazi hiyo hula jioni nzima, sikatai. Iwapo watoto 30 kati ya 45 wamechagua 2/5, somo la sehemu halina budi kufundishwa upya kwa darasa zima.

Nilipokuwa mwalimu mgeni nilimweka kijana mmoja katika kundi la wasioweza kwa sababu ya alama 9 za jaribio moja. Baadaye nilimwita mezani, nikamsomea maswali yale yale ya mafumbo kwa sauti. Alijibu mengi bila kalamu. Kilichomshinda kilikuwa kusoma, nami kwa miezi minne nilikuwa nikimkaririsha jedwali la kuzidisha alilokwisha kulijua.